Homa Ikikushika Saint Lucia: Pima Kwanza, Meza Baadaye

Saint Lucia ni nchi gani?

Ni kisiwa cha Karibi kati ya Martinique na Saint Vincent, chenye kilomita za mraba kama 616, kilichopata uhuru kutoka Uingereza mwaka 1979. Mji mkuu ni Castries, lakini ndege kubwa hutua Hewanorra, karibu na Vieux Fort, kusini kabisa. Barabara ni za milima na kona nyingi, hivyo unayetapika garini jiandae. Magari hupita kushoto kama kwetu, na chaja yako ya pini tatu bapa itaingia bila adapta. Wengi wanaokuja kwenye kliniki yetu kabla ya safari hiyo ni mabaharia wa meli za watalii, wachache ni maharusi wanaokwenda fungate.

Chanjo gani inatakiwa?

Ukitokea nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Kongo, utadaiwa kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa hiyo. Mtanzania anayepitia Nairobi au Addis Ababa naye aibebe, maana kukaa muda mrefu kwenye uwanja wa huko kunaweza kuhesabiwa. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na ukishachanjwa kadi hiyo ni ya maisha. Kuja kliniki jioni na tiketi ya kesho mkononi, kisha kuniomba niandike tarehe ya nyuma, naomba tuache.

Kuna malaria huko?

Hapana. Kisiwa hicho kimeorodheshwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuwa kimetokomeza malaria tangu mwaka 1962. Kilichopo ni mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, chikungunya na Zika. Huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haikutoshi. Jipake dawa ya mbu, vaa mikono mirefu. Mjamzito azungumze nasi kabla ya kukata tiketi, kwa sababu Zika humdhuru mtoto tumboni.

Basi homa ikinipata huko nimeze dawa mseto ya malaria niliyobeba?

Hapana. Pima kwanza. Mseto hautibu dengue hata kidogo. Kazi yake hapo ni kukutuliza moyo siku tatu, na hizo siku tatu ndizo ulizopaswa kuwa mbele ya daktari.

Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa ajili ya viungo tu?

Hapana tena. Dengue huuma kweli: kichwa, nyuma ya macho, mgongo, viungo vyote. Ndiyo maana watu hukimbilia diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, na ndizo hasa zinazoweza kukuongezea kutokwa damu wakati chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka. Meza parasetamo kwa kipimo chake, kunywa maji kwa wingi, nenda hospitali. Tunaeleza hivi kila siku, na bado msafiri anafungua mkoba ndani mna duka zima la dawa alizoshauriwa na shemeji yake.

Siku ya nne homa imeshuka. Si nimepona?

Labda, labda la. Dengue kali huanza kujionyesha kati ya siku ya tatu na ya saba, mara nyingi homa inaposhuka. Mishipa huvuja maji, presha inaanguka, na mgonjwa alikwisha kusema yuko sawa. Tumbo likiuma sana, ukitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoa damu, ukilegea au ukihangaika bila sababu, usingoje kesho. Piga 911. Castries kuna Owen King EU Hospital. Aliyewahi kuugua dengue, iwe Dar es Salaam mwaka 2019 au mahali pengine, awe mwangalifu zaidi, maana mara ya pili ndiyo yenye hatari kubwa ya kuwa kali.

Kwa hiyo homa nikiwa huko haiwezi kuwa malaria?

Inaweza, kama umeondoka nayo nyumbani. Malaria huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu, na daktari wa kisiwa kisicho na malaria huenda asiifikirie. Mwambie wewe: nimetoka Afrika Mashariki, naomba nipimwe malaria. Pima. Kubahatisha malaria na kubahatisha dengue kote huko kunaua.

Kuna hatari nyingine?

Ufukweni kuna mti uitwao manchineel, wenye matunda kama tufaha dogo la kijani. Usile, usiguse utomvu wake, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, kwani matone yake huunguza ngozi. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Maji baada ya mvua kubwa yachemshwe.

Nimerudi nyumbani, homa imeanza. Nifanyeje?

Njoo siku hiyo hiyo, kabla hujapita duka la dawa. Taja ulikotoka na siku uliyorudi, hata usipoulizwa. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna, usimwombe mhudumu sindano za malaria "kwa usalama"; omba upimwe dengue, na malaria irudiwe kama homa inaendelea. Wakati huo lala ndani ya neti hata mchana. Aedes wapo tele Dar es Salaam na Mombasa, na akikuuma wewe anaweza kuupeleka ugonjwa huo kwa wanao.