Gamba la Kobe na Hofu ya Unyevu

Kwa miaka mingi wafugaji wa kobe wa ndani wameambiana hivi: kobe wa nchi kame awekwe pakavu, la sivyo unyevu utamletea mafua, na gamba lake likiota vinundu kama vichuguu, basi amelishwa protini nyingi mno. Nimeona watoto wa kobe wakilelewa juu ya magazeti makavu kwa imani hiyo, na huwa inaniuma.

Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya kulea watoto wa sulkata, kobe mkubwa wa Saheli, katika viwango tofauti vya unyevu na protini. Chanzo kikuu cha vinundu kilikuwa hewa kavu. Protini ilichangia kidogo tu. Saheli ni kame kweli, lakini saa za jua kali sulkata hushinda shimoni, ambako udongo una unyevunyevu.

Boksi la ndani basi lifuate shimo hilo. Changanya udongo usio na mbolea na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kina cha sentimita 10 hivi. Mwagia maji pembeni yazame chini, juu pabaki pakavu. Ukikamata konzi ya udongo wa chini na kuiminya, ishikane bila kuchuruzika. Upande mmoja weka taa ya joto, nyuzi 35 hivi chini yake, pamoja na taa ya UVB, yaani inayotoa mionzi kama ya jua. Upande wa pili, pango lenye giza. Kinacholeta mafua ni unyevu ukichanganyika na baridi, kwa hiyo usiku joto lisiachwe lishuke sana.