Simu yako haina haja ya kukusikiliza

Kaa kwenye baraza lolote la kahawa pale Ngamiani, Tanga. Mazungumzo yakigusa simu, haichukui muda utasikia: "Hizi simu zinatusikiliza, bwana." Mmoja alitaja friji jana, leo Facebook imemjazia mafriji. Mwingine anaapa kuwa tangu azime GPS hakuna anayejua alipo. Wana haki ya kuwa na wasiwasi, ila wengi wanaangalia upande siko.

Dhana: Simu inasikiliza maneno yetu, kisha inatuletea matangazo

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakukuta hata moja inayowasha maikrofoni kwa siri na kupeleka sauti nje. Walichokuta ni baadhi ya programu zinazorekodi kioo chenyewe, yaani unachogusa na kuandika, na kukituma kwa kampuni nyingine. Hilo hakuna aliyekuwa akilizungumza.

Sasa lile friji lilitoka wapi? Huenda mke wake alitafuta bei jioni ile ile akitumia Wi-Fi ya nyumbani, na simu mbili zinazolala kwenye mtandao mmoja kila usiku ni rahisi kuzihesabu kuwa za familia moja. Huenda yeye mwenyewe alifungua ukurasa wa duka wiki iliyopita akasahau. Kurasa nyingi za maduka zimewekwa kipande kidogo cha programu cha Meta, kampuni mama ya Facebook, ambacho kazi yake ni kutoa taarifa kwamba mwenye simu hii amepita hapa na ameangalia kitu fulani. Hata ule muda mfupi uliosita kwenye picha kabla ya kuisogeza juu unapimwa. Na matangazo ya friji yaliyompita kabla hajalitaja, nani aliyahesabu?

Kusikiliza watu kutwa nzima kungemaliza chaji na bando, na barazani watu watano husema kwa mpigo. Mazoea ya mtu ni rahisi zaidi kuyasoma, tena hayana utani.

Dhana: Nimezima GPS, hawajui nilipo

Mwaka huohuo wa 2018 shirika la habari la AP lilionyesha kuwa Google iliendelea kuhifadhi mahali alipo mtumiaji hata baada ya yeye kuzima rekodi ya maeneo aliyotembelea. Kulikuwa na swichi ya pili, Shughuli kwenye Wavuti na Programu, ambayo wengi hawakujua kama inahusika. Novemba 2022 Google ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza suala hilo. Mbali na swichi hizo, Wi-Fi za maduka unayoyapita kutoka Chumbageni hadi stendi ya Kange zinatosha kukadiria njia yako.

Dhana: Hali fiche (incognito) ya kivinjari cha Chrome inanificha

Inakuficha kwa watu wa nyumbani mnaoshirikiana simu, siyo kwa tovuti unazofungua. Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kuendelea kukusanya taarifa za waliotumia hali hiyo, na mwaka 2024 ikakubali kuharibu mabilioni ya rekodi za watu waliodhani hawaonekani.

Dhana: WhatsApp imefungwa kwa kufuli, hakuna wanachojua

Nusu ya kauli hii ni kweli, na isidharauliwe: tangu 2016 ujumbe na simu za WhatsApp husomeka kwa mtumaji na mpokeaji tu. Kinachobaki nje ya kufuli ni nani anawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, pamoja na namba ulizohifadhi ukiwa umeiruhusu izisome. Mtu ameandikiana na namba ya hospitali saa nane usiku, halafu ndugu sita mfululizo, halafu mzee wa msikitini anayesimamia mazishi. Meseji haihitaji kufunguliwa.

Facebook iliponunua WhatsApp mwaka 2014 iliiambia Tume ya Ulaya kwamba haiwezi kuunganisha kwa uhakika akaunti za pande mbili bila mtumiaji kushiriki. Mwaka 2017 ikapigwa faini ya euro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha. Uwezo huo ulikuwepo tangu mwanzo.

Dhana: Google na Facebook wanauza mafaili yetu

Wapo madalali wa taarifa wanaofanya biashara hiyo waziwazi. Hawa wakubwa wanayashikilia mafaili, maana ndiyo mtaji. Wanachouza ni nafasi mbele ya macho yako. Mwaka 2023 Meta iliingiza takriban dola bilioni 135, karibu zote za matangazo. Nafasi nyingine kwenye kurasa unazofungua hupigwa mnada kwa sehemu ya sekunde, ukurasa ukiwa bado unafunguka. Pale soko la samaki la Deep Sea, anayeshindwa mnada huondoka mikono mitupu. Kwenye mnada huu hata walioshindwa wameshaoneshwa aina ya simu yako, eneo ulipo na unachosoma.

Dhana: Mimi sina cha kuficha

Hii ndiyo inayonikera, kwa sababu kitabu cha simu hakina mambo yako peke yako. Kina namba ya mama, ya shangazi Muheza, ya fundi, ya mwalimu wa mtoto, na hakuna kati yao aliyeulizwa. Waliowahi kukopa kwa programu za mikopo wanaijua hii: siku ya kulipa ikipita, meseji za kukuita tapeli zinaingia kwa wakwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Google nayo ilipiga marufuku mwaka 2023 programu za mikopo kwenye duka lake kuchukua namba alizohifadhi mteja na picha zake. Ila programu inayotumwa kwa link ya WhatsApp haipiti dukani.

Na sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, ikiwa na Tume yake ya kupokea malalamiko. Unaweza kudai kujua walichonacho kuhusu wewe na kuwakataza wasikitumie kukutangazia biashara. Kwa mkopeshaji aliye Dar es Salaam naiona Tume ikifika. Kwa kampuni iliyo California nategemea safari ndefu. Wakati huo, kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Google, kisha Matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Halafu pitia programu moja moja uone ni ipi uliyoiruhusu kusoma majina ya watu, na ukikuta hata programu ya tochi imo, iondoe.