Kulinki moduli za WebAssembly: majina ni rahisi, kazi iko kwenye memori

Kuna kitu kinanikera nikiona watu wanaunganisha moduli mbili za WebAssembly (kodi ya baiti ambayo lugha nyingi zinaweza kukompailiwa kwenda huko) ndani ya programu ya Rust kwa Wasmtime, injini ya kuziendesha, majina yakishakubali wanajua wamemaliza.

Majina kweli ni rahisi. Kila kitu ambacho moduli inaimpoti kina majina mawili, la moduli na la kitu chenyewe, mfano "logi" na "andika". Unaanzisha moduli ya logi, unaisajili kwenye Linker (kitu cha Wasmtime kinachounganisha majina), ya pili ikija inaikuta. Jina likikosekana au aina zisipolingana inagoma hapo hapo, na hiyo naipenda sana. Zote ziwe kwenye Store moja tu, yaani chombo cha Wasmtime kinachoshika moduli zilizoanzishwa na memori zake.

Sasa memori. Moduli yangu ya pili ilitaka kuandika neno "Habari". WebAssembly ya msingi haina stringi, ina namba, kwa hiyo unatuma i32 mbili (namba kamili za biti 32), anwani na urefu. Nikatuma 1048576 na 6. Hakuna eraa, ila kwenye skrini zikatoka herufi sita za ujumbe wa moduli ya logi yenyewe! Kila moduli ina memori yake, na Rust kwa kawaida inaacha MB 1 ya steki ndo inaanza kuweka data, kwa hiyo anwani ile ile huku na kule ina vitu tofauti kabisa, na injini haina cha kulalamikia maana i32 ni i32.

Nikasema basi watumie memori moja, moja iitoe nyingine iimpoti. Ikawa balaa zaidi, kila moja imekompailiwa ikijua iko peke yake, kwa hiyo ya pili ikianza inamwaga data yake juu ya data ya mwenzie. Hapo mpaka ukompaili kwa namna ambayo moduli inaambiwa ianzie wapi, kama Emscripten, kompaila ya C/C++ kwenda WebAssembly, inavyofanya.

Mimi niliacha kila moja na memori yake, programu mwenyeji (ile ya Rust) ikae katikati: inasoma baiti kwa huyu, inamwomba yule atenge nafasi, inakopi, inaita fankshoni. Component Model, mfumo wa juu ya WebAssembly ya msingi, inakufanyia hayo yote, we unaandika tu kwenye WIT, lugha yake ya kuelezea aina, kwamba hii ni stringi. Ukifanya kwa mkono usisahau kuachia ile nafasi ukishamaliza, memori inakua kwa kurasa za KiB 64 na ikishakua hairudi nyuma mpaka uitupe Store nzima.