Vikombe vya Ravilious havikuwa kibarua cha pembeni

Wapo wanaosema Eric Ravilious (1903–1942) alikuwa mchoraji wa mandhari wa Uingereza aliyebuni vikombe vya kiwanda cha vyombo vya udongo cha Wedgwood ili apate hela ya kula tu, na kwamba kazi hizo zilimpotezea muda. Sikubaliani nao kabisa. Fedha aliihitaji, kweli, lakini kazi zake zote zilitoka kwenye mkono mmoja.

Alianza kujulikana kwa kuchonga picha kwenye mbao. Katika sanaa hiyo, kila mstari unaochongwa hutoka mweupe ukichapwa, kwa hiyo mchongaji huzoea kufikiria mwanga kwanza. Sasa itazame picha yake ya rangi za maji ya mwaka 1940, ile ya behewa tupu la daraja la tatu. Mlangoni kuna namba 3, na nje ya dirisha yupo farasi mweupe wa Westbury, umbo kubwa lililochongwa kwenye mlima wa chokaa huko Uingereza. Nyasi ni mistari mikavu iliyosokotana, na katikati yake karatasi imeachwa wazi ing'ae. Huo ni uchongaji mtupu, ila umefanywa kwa brashi.

Kikombe alichobuni kwa kutawazwa kwa Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti kabla ya kutawazwa, kilirekebishwa kwa ajili ya mrithi wake George VI mwaka 1937, kisha kwa Elizabeth II mwaka 1953. Wakati huo Ravilious alikuwa ameshafariki: ndege aliyopanda akiwa msanii rasmi wa vita ilipotea karibu na Iceland, Septemba 1942.