Mgonjwa anayelishwa kwa mpira nyumbani: mwendo wa chakula na saa zake

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kurudi nyumbani na mpira wa kulishia puani, ndugu zake huniuliza kwanza: tumpe nini? Mimi, kama mtaalamu wa lishe, huanzia kwingine: mtampa kwa muda gani, na saa ngapi? Chakula bora kikimwagwa tumboni kwa dakika tatu hurudi juu, na kwa mtu ambaye koo lake halimezi vizuri, matapishi yakiingia kwenye mapafu yanaweza kumuua.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima wa kilo 50 kwa kawaida anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, yaani 1,250 hadi 1,500 kwa siku. Maziwa mengi ya kopo yaliyotengenezwa kwa wagonjwa yana kalori 1 katika kila mililita, kwa hiyo mililita 1,500 zinamtosha. Gawa mara sita, upate mililita 250 kwa mlo. Saa nazo zinajipanga: 12 asubuhi, 3, 6, 9, 12 jioni, kisha 3 usiku. Baada ya hapo mgonjwa analala, na anayemuuguza analala pia. Hilo la pili nalisisitiza, kwa sababu muuguzaji aliyekesha ndiye anayesukuma chakula ili amalize haraka.

Usisukume. Toa fimbo ya kusukumia, unganisha bomba la sindano na mpira, mimina chakula, kishuke chenyewe. Ukiinua bomba kinakwenda kasi, ukilishusha kinapungua mwendo. Mkono wako ndio pampu. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Tumbo likijaa au akihisi kichefuchefu, bana mpira usubiri. Akikohoa mfululizo au pumzi ikimbana, acha kabisa na mpeleke hospitali, kwani huenda mpira umehama. Ndiyo maana kabla ya kila mlo unahakikisha mpira uko mahali pake kama ulivyoelekezwa hospitalini, ukiangalia pia kama alama iliyowekwa karibu na pua haijasogea. Kichwa na mgongo viinuke nyuzi 30 hadi 45, naye abaki hivyo hadi saa moja baada ya kula.

Wengi wetu hatumudu maziwa ya kopo kila siku, hivyo uji ndio unaotumika. Hapa pana mtego. Uji mzito haushuki, muuguzaji anaongeza maji, unashuka vizuri, lakini kalori zimepungua na mgonjwa anakonda huku ratiba ikifuatwa barabara. Dawa yake ni kimea. Unga kidogo wa ulezi uliooteshwa, ukikorogwa kwenye uji ulioiva na kupoa kiasi, huulegeza bila kuongeza maji. Kisha urudishe jikoni uchemke tena. Ongeza maziwa na mafuta, chuja kwa chujio laini. Mpira mwembamba sana utaziba hata hivyo, kwa hiyo uliza namba ya mpira, yaani ile inayoonyesha unene wake, kabla ya kuondoka wodini. Uji uliokaa mezani zaidi ya saa mbili, umwage.

Maji safi mililita 30 kabla ya mlo na 30 baada yake yanausafisha mpira, na kwa siku yanafika 360. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, mara nyingi hayatoshi. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, zungumza na daktari kuhusu kuyaongeza.

Ratiba hii si ya kila mtu. Mpira ulioishia kwenye utumbo mdogo hauvumilii milo ya mkupuo. Huko chakula huingia polepole kwa saa nyingi. Na aliyekaa wiki nzima bila kula cha maana asianzishiwe kiwango kamili, maana madini ya damu yanaweza kushuka ghafla na kuuathiri moyo. Huyo aanzie hospitalini, apandishwe kidogo kidogo.

Mlo mmoja ukipita, usiuunganishe na unaofuata. Mililita 500 kwa mkupuo ni nyingi mno. Afadhali uongeze 50 katika milo iliyobaki, ikiwa tumbo linapokea. Mwezi wa Ramadhani naliona sana hili: nyumba nzima inahamia futari na daku, na mgonjwa asiyefunga anajikuta amelishwa mara mbili ndani ya saa moja. Mwekeeni kengele yake kwenye simu.