Virsh: kuendesha mashine pepe kwenye seva nyingi bila kuharibu kitu

Ukiwa na seva moja yenye mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine) mbili tatu hamna shida, unafungua programu ya madirisha, unabofya, unawasha unazima, kazi inaenda. Shida inaanza seva zikishakuwa nne au tano na kila moja imebeba mashine zake, hapo kubofya kunachosha na mbaya zaidi unaanza kusahau ipi iko wapi. Sisi tunaotunza seva za taasisi kazi hii tunaifanya kwa virsh, programu ya kuendesha mashine pepe kwa kuandika komandi, na kwa kuwa wanaoanza wanatuuliza maswali yaleyale kila mara, ngoja nieleze inavyofanya kazi na hasa wapi pa kuwa makini, maana komandi zenyewe ni fupi sana ila madhara yake yanaweza kuwa makubwa.

Mashine pepe yenyewe inaendeshwa na KVM, sehemu ya Linux inayoiwezesha kubeba mashine pepe, ambayo iko ndani yake tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, ikisaidiana na QEMU inayoigiza vifaa kama diski na kadi ya mtandao. Juu yake kuna libvirt, mradi ulioanza 2005, hii ndo inatunza maelezo ya kila mashine, yaani ina ram kiasi gani, prosesa ngapi, diski yake ni faili gani, yote yanaandikwa kwenye faili la XML (maandishi yenye mpangilio maalumu). Virsh ni namna tu ya kuongea na libvirt kwa kuandika. Kwahiyo hata ukifunga terminali mashine zinaendelea kama kawaida, wala hazina habari na wewe.

Uzuri wake ni kwamba libvirt unayoongea nayo si lazima iwe kwenye kompyuta uliyokaa. Ukiandika

virsh -c qemu+ssh://root@seva2/system list --all

unaingia seva2 kwa ssh (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali) kama root, yaani msimamizi mkuu, na unapata orodha ya mashine zake zote, zilizowaka na zilizozima (ukisahau --all zilizozima huzioni kabisa). Ukishaweka funguo za ssh ili usiulizwe paswedi kila saa, unaweza kuzungukia seva zote kwa mstari mmoja:

for s in seva1 seva2 seva3; do echo $s; virsh -c qemu+ssh://root@$s/system list --all; done

Hapo ndani ya sekunde chache unajua nini kinawaka wapi, na kwa kweli hiyo peke yake inatosha mtu kuhamia huku.

Sasa kuna jambo linawatisha wengi. Mtu anaingia kwenye seva na akaunti yake ya kawaida, anaandika virsh list --all, inakuja orodha tupu, anadhani mashine zote zimefutika! Hazijafutika. Akaunti ya kawaida kwa kawaida inapelekwa qemu:///session, ambayo ni sehemu ya mtumiaji huyo peke yake, wakati mashine za seva ziko qemu:///system. Andika virsh uri ikuambie uko wapi, alafu virsh hostname ikupe jina la seva yenyewe. Sisi tunasisitiza hizi mbili ziandikwe kabla ya komandi yoyote inayobadilisha kitu, kwa sababu mashine inayoitwa hesabu inaweza kuwepo seva1 na nyingine yenye jina hilohilo ikawepo seva3, na virsh haitakuuliza ulimaanisha ipi.

Kwenye kuzima pia tuelewane. virsh shutdown inaiomba mashine ijizime kwa utaratibu, nayo inaweza isisikie kama mfumo wa ndani umeganda au haujaandaliwa kupokea ombi hilo. virsh destroy haifuti chochote, inakata umeme papo hapo, kwahiyo data ambayo ilikuwa haijafika kwenye diski inapotea, na databesi ndo zinaumia zaidi. Inayofuta ni undefine, inaondoa maelezo ya mashine na kuacha diski, ila ukiongeza --remove-all-storage na diski zinaondoka, na hapo hamna kurudi nyuma kama huna bakapu.

Tuje kwenye kuhamisha mashine ikiwa inawaka, kutoka seva moja kwenda nyingine, watumiaji wakiwa humohumo ndani wanafanya kazi. Ukiwa seva1 unaandika

virsh migrate --live --persistent --undefinesource hesabu qemu+ssh://root@seva2/system

Kinachotokea ni kwamba ram inanakiliwa kwenda kule huku mashine inaendelea kufanya kazi, kurasa (vipande vidogo vya ram) zilizobadilika wakati wa kunakili zinatumwa tena, na zikishabaki chache mashine inasimamishwa kidogo sana, za mwisho zinavuka, inaamkia upande wa pili. Kama mashine inabadilisha ram kwa kasi kuliko mtandao unavyobeba, zoezi haliishi, ndo maana kuna --auto-converge inayopunguza kasi ya prosesa yake mpaka kunakili kukamilike. Diski inatakiwa iwe kwenye hifadhi ambayo seva zote mbili zinaiona kwa njia ileile, na prosesa ziwe zinaendana. Kingine watu hawakijui, ssh hapo inabeba maagizo kati ya seva tu, ram yenyewe inapita moja kwa moja kwenye milango ya mtandao (port) namba 49152 hadi 49215 na haijasimbwa, kwahiyo fungua hiyo milango kwenye fayawoli baina ya seva zako tu, au tumia --tls inayoisimba.

Na lile neno --undefinesource usiliache tafadhali. Ukiliacha, maelezo ya mashine yanabaki seva1 ikionekana imezima, kesho mwenzako anaiona anadhani imelala bahati mbaya, anaiwasha. Sasa diski moja inaandikwa na mashine mbili kwa wakati mmoja na mfumo wa mafaili unaharibika vibaya, mara nyingi dawa yake ni bakapu tu. Kuna huduma ya virtlockd inayozuia diski kufunguliwa mara mbili, iwashe kwenye seva zote na uielekeze libvirt iitumie.

Bakapu nayo isichanganywe na snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani. Snapshoti ya ndani inakaa kwenye faili lilelile la diski la aina ya qcow2, faili likifa vinakufa vyote. Nakili diski kwenda sehemu nyingine, na maelezo pia: virsh dumpxml --inactive hesabu > hesabu.xml.

Ruhusa je? Usimweke mtu kwenye kundi la libvirt kirahisi, akiwa humo ana uwezo wa kuifikia seva nzima karibu sawa na root. Anayetaka kuangalia tu atumie virsh -r.

Kama unataka kujifunza na huna seva, libvirt ina mashine ya kuigiza ndani yake. Andika virsh -c test:///default, utaingia na kukuta mashine moja inaitwa test, jaribu suspend, resume, destroy, undefine, dumpxml, vuruga unavyotaka, ukitoka na kurudi unaikuta mpya kama mwanzo.