Picha, ubongo na uso: tunayoyaamini na yaliyopimwa

"Kaonyeshwa picha za ajali na uso haukucheza hata kidogo. Hana huruma yule." Kauli za namna hii husemwa kwa wepesi mno, na mara nyingine humharibia mtu kazi au imani ya jamaa zake. Naanza na dhana hii kwa sababu ndiyo yenye madhara zaidi.

"Asiyebadilika sura hakuhisi kitu"

Uso unaoonekana mkavu huenda unafanya kazi ambayo macho yetu hayawezi kuinasa. Watafiti hubandika elektrodi ndogo, yaani vipande vinavyonasa umeme wa mwili, juu ya nyusi, penye msuli unaokunja ndita, na nyingine shavuni, penye msuli unaovuta pembe za mdomo juu. Umeme wa misuli hiyo hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti. Picha ya mtu mwenye hasira ikitokea kwenye skrini, msuli wa nyusi hujikaza. Ikija ya mtu mwenye furaha, msuli wa shavu huamka na ule wa nyusi hulegea. Yote haya huanza ndani ya nusu sekunde ya kwanza, na mara nyingi ngozi haijasogea kiasi cha mtu aliye mbele yako kutambua.

Mwaka 2000, Ulf Dimberg na wenzake wa Uppsala, Sweden, walikwenda mbali zaidi. Walionyesha nyuso za furaha na za hasira kwa milisekunde 30 tu, kisha papo hapo wakazifunika kwa uso usio na hisia yoyote. Washiriki hawakujua kwamba wameonyeshwa nyuso hizo za kwanza. Misuli yao ilijibu vilevile, shavu kwa furaha na nyusi kwa hasira.

Kuna pia wanaozaliwa na ugonjwa wa Möbius, ambao neva zinazoendesha uso hazikukua vizuri. Wengi wao hawawezi kutabasamu kabisa, lakini hufurahi, huhuzunika na hupenda kama mtu mwingine yeyote. Kumpima mtu wa namna hiyo kwa sura yake ni kumdhulumu.

"Tabasamu lina njia moja tu kutoka ubongoni"

Zipo njia mbili, na kiharusi ndicho kilichotufundisha. Mgonjwa aliyeumia eneo la ubongo linaloamuru misuli kwa hiari akiambiwa "onyesha meno", upande mmoja wa mdomo hubaki umelala. Mara mtu anasema jambo la kuchekesha, na mdomo uleule unainuka pande zote mbili. Wapo pia wenye tatizo la kinyume: hutabasamu vizuri wakiamriwa, ila kichekesho kikija nusu ya uso haifuati. Amri ya hiari na msukumo wa hisia hupita sehemu tofauti za ubongo kabla ya kukutana kwenye neva ya uso.

Daktari Mfaransa Duchenne alikwisha kuandika mwaka 1862 kwamba furaha ya dhati hukaza pia msuli unaozunguka jicho. Kutokana na hapo watu wakajenga imani kwamba macho hayawezi kudanganya. Yanaweza. Watu wengi hukaza msuli huo kwa makusudi, na wengine hukunja macho kwa sababu tu wametabasamu kwa nguvu.

"Amigdala ndiyo kitovu cha woga"

Amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya kila upande wa ubongo, huitika pia kwa nyuso za furaha na kwa mambo mapya. Mwanamke mmoja anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi SM tu, ambaye amigdala zake zote mbili zimeharibika, hakuogopa nyoka wala filamu za kutisha. Lakini alipovuta hewa iliyotiwa asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, alishikwa na hofu kali. Kwa hiyo woga una zaidi ya mlango mmoja. Na zile picha za ubongo zenye madoa mekundu? Hazipigi picha ya hisia. Hufuata oksijeni katika damu, ambayo hufikia kilele sekunde kama tano baada ya kichocheo, wakati elektrodi za kichwani huona ubongo ukiutambua uso kwenye milisekunde 170 hivi.

"Tabasamu, na furaha itakuja"

Kidogo. Jaribio maarufu la 1988 la kung'ata kalamu kwa meno, ili mdomo uchukue umbo la tabasamu, lilirudiwa na maabara 17 mwaka 2016 na halikuthibitika. Utafiti wa nchi 19, uliochapishwa mwaka 2022, uliona furaha ikiongezeka kiasi kidogo washiriki walipoiga tabasamu. Hiyo si tiba ya sonona, na anayemwambia mgonjwa hivyo anamwongezea mzigo.

"Kompyuta inaweza kusoma moyo usoni"

Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wazima wenye hasira hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya mara. Zaidi ya hapo, msuli uleule wa nyusi hujikaza kwa mwanga mkali, kwa maumivu na kwa kufikiri sana. Kamera inaona ndita bila kuona sababu yake. Tangu tarehe 2 Februari 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku mifumo ya akili bandia inayokisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama. Ningependa nchi nyingine zifuate, hasa kwenye usaili wa kazi, ambako mwombaji anayelitafakari swali kwa makini anaweza kuandikwa kuwa ana hasira.